Mita Zinazolipa

Sanduku la kwanza, kisima namba tisa:
vumbi la miaka thelathini na minne juu ya kifuniko.
Etelka analifuta kwa mkono wa koti.
Ndani mwamba umelala vipande vipande,
mnene kama kigoko cha mwashi,
mchanga mweupe, udongo wa kijivu, mchanga tena,
tabaka nyingine nyembamba kuliko ukucha.

Hapa palikuwa na ziwa
kabla Hungaria haijapata jina,
kabla ya mahindi na reli ya kwenda Szeged.
Siku za ghadhabu mto ulileta mchanga,
siku za utulivu ukaleta tope,
wala haukumwuliza mtu anataka kipi.

Ofisini, ghorofa ya pili, Bálint ameshika grafu.
"Kutoka juu hadi chini, mita arobaini na mbili.
Niandikie thelathini.
Wenye fedha wanakuja Alhamisi."

Thelathini.
Toa kwanza udongo, maana haupitishi kitu.
Toa mchanga uliozibwa na chokaa,
una sura ya ukarimu na mfuko ulioshonwa.
Toa na ule wenye vinyweleo vizuri
ambavyo vimeshajaa maji ya chumvi.
Kinachobaki ndicho kinacholipa.
Etelka ameijua hesabu hii kwenye karatasi ya mshahara:
juu pato ghafi, limevimba kwa majivuno,
halafu kodi, bima, mkopo wa jiko,
na chini kabisa kile kinachonunua mkate.

Kompyuta imempa kumi na saba.
Haiamini hiyo pia.
Chombo kilichoshushwa kisimani
hutazama nusu mita kwa mkupuo mmoja;
mchanga na udongo vikishonana kama kitambaa cha mistari
chenyewe huona rangi moja, hununa, husema: udongo.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini asiyeiona haba atajaza nini?

Kwa hiyo ameteremka ghalani na rula
na kichupa cha dawa ya macho, kimeoshwa, kina maji.
Tone. Limekaa juu kama ushanga. Udongo.
Tone. Limezama kabla hajavuta pumzi.
Mchanga, milimita sita, andika.
Tone. Linasita, linasita,
(nawe umeumbwa na nini?)
linazama nusu. Anaweka alama ya kuuliza.

Siku tatu. Magoti yanamlaumu.
Mkate, mafuta ya nguruwe, kitunguu, kisha sanduku jingine.
Ubavuni mwa kila moja kuna mshale na neno JUU,
na saba iliyokatwa kiunoni kwa kistari:
ndivyo baba yake alivyoandika saba.
Alikuwa kwenye kikosi cha usiku,
wakivuta mabomba katika theluji,
na hakuna aliyewaambia walichokitoa.

Sanduku la kumi na moja lina pengo.
Sentimita kumi na moja, kipande kizima.
Etelka anatazama pengo lile,
kisha anacheka peke yake ghalani.

Jioni, nyumbani kwa mama yake Rozália,
anainua ubao wa pipa la kabichi chachu
na kulitoa jiwe ambalo, tangu yeye ana miaka ishirini,
limekuwa likiikandamiza kabichi izame.
Analisuuza. Analikausha juu ya jiko la gesi
siku nzima, mama akinung'unika.
Tone.
Limezama.

Alhamisi anaweka karatasi mezani:
mita ishirini na tatu na sentimita tisa.
"Siyo thelathini," anasema Bálint.
"Wala siyo kumi na saba."
Anageuza ukurasa, kidole kinateremka,
kinasimama kwenye safu ya maelezo.
"Hii ni nini?"

*Sentimita kumi na moja. Mchanga safi.
Chumvi iliyomo ni ya jikoni, isihesabiwe.
Jiwe lenyewe litarudi kwenye pipa.*